Mstari wa Mama Neema

Nilifuta mstari mmoja. Ndilo kosa langu, na nalisema mwanzoni ili musisome kurasa hizi mukimtafuta wa kumlaumu. Katika faili la kujengea programu yetu kulikuwa na mistari mingi kuliko nyuzi za mkeka, mingine hata mimi niliyeiandika sikukumbuka kazi yake, na kati ya yote nikachagua kufuta ule mmoja uliokuwa na akili. Niliufuta kwa haya. Wiki chache baadaye mtoto mmoja wa Kiringye, kule bondeni, akanyweshwa dawa mara mbili ya kipimo chake, kwa sababu ya karatasi iliyotoka katika programu niliyoijenga mimi, katika chumba changu kando ya jiko, hapa Nyamianda.

Espoir ameniomba niwaandikie ninyi wapya munaoingia kazini. Alisema, "Mama, andika kitu cha kuwatia moyo." Sina. Nimestaafu, nimerudisha funguo zote, na niko na hasira. Hasira ya mtu anayekaa nyumbani ni mbaya, maana haina mahali pa kwenda kutembea ikapoe. Basi someni hivyo hivyo.

Mujue kwanza anayewasemesha. Nina diploma ya sekondari, upande wa biashara, niliyoipata kwa asilimia ambayo hata watoto wangu sijawaambia. Nilikuwa napiga chapa barua za watu katika sekretaria moja karibu na soko, mpaka sekretaria ikafungwa, nikarudi nyumbani na mashini moja, kompyuta ambayo huku tunaiita ordinateri, na sikutoka tena. Wenzangu wa rika langu wanavuka mpaka wa Kavimvira asubuhi, wanakwenda Bujumbura, wanarudi na vitenge. Bujumbura mimi naiona kutoka ufukwe wa ziwa letu, na inanitosha. Riziki, mtoto wangu wa kwanza, anasema siku nikifa itabidi wanizike uani, maana makaburini sitakubali kwenda.

Programu yetu inaitwa Kipimo. Ni ya wazi: maandishi yake yote yako mbele ya watu, anayetaka anayasoma, anayachukua, anayarekebisha, haombi ruhusa kwa mtu. Muuguzi anaingiza uzito wa mtoto na jina la dawa, mashini inatoa karatasi ndogo inayosema mililita ngapi na mara ngapi kwa siku. Ni hiyo tu. Aliyeianzisha ni Papa Mukiza, mwalimu wa hesabu, mtu mrefu aliyevaa koti hata wakati wa jua kali. Aliandika mistari ya kwanza baada ya kuona muuguzi akipiga hesabu kwenye kiganja cha mkono. Kisha akaja kwangu.

"Mama Riziki," akasema, "kuandika iko watu wengi. Kupika hakuna. Weye hautembeake. Utapika."

Nilidhani ananitania kwa sababu alikuta sufuria ya maharage motoni. Hakuwa anatania. Kwa wale waliofika jana: maandishi tunayoyaandika, mashini haiyali mabichi. Yanapikwa vipande vipande, kisha vipande vinaunganishwa, ndipo inatoka programu inayoweza kwenda kituo cha afya. Faili la kujengea ni orodha ya mapishi. Nalo halipiki kila kitu kila mara, maana mashini yangu ingetumia siku nzima na hapa kuranti, yaani umeme, haikai siku nzima. Kwa hiyo linaangalia saa. Likiona maandishi ni mapya kuliko kilichopikwa, linapika tena. Likiona kilichopikwa ni kipya kuliko maandishi, linakuambia hakuna kazi, linakunja miguu. Ni ujanja mzuri, ila una ubovu mmoja: unaamini saa.

Sasa sikilizeni habari ya saa yangu. Ndani ya mashini kuna betri ndogo kama kifungo cha koti, ambayo inakumbuka tarehe wakati kuranti haipo. Yangu ilikufa zamani. Kila umeme ukikatika, mashini iliamka ikidhani ni tarehe mosi Januari ya mwaka iliyozaliwa. Nilinunua betri nyingine sokoni, haikumaliza wiki. Ya pili ilikuwa maiti tangu dukani. Ya tatu, muuzaji aliniapia kwa jina la mama yake. Sijui mama yake alimkosea nini.

Mwaka wangu wa kwanza nilirekebisha neno moja lililoandikwa vibaya kwenye karatasi ya dawa. Nikajenga, likatoka vilevile. Nikarekebisha tena, nikajenga, likatoka vilevile. Siku tatu nilipigana na neno moja. Siku ya nne nikamtuma mtu amwite Papa Mukiza, na nilikuwa tayari kumwambia kwamba nimerogwa na ninajua ni nani. Alikaa mbele ya mashini, akatazama kile kipembe cha chini cha kioo ambacho mimi sikukitazama hata siku moja.

"Mama Riziki, leo ni mwaka gani?"

Nikamwambia.

"Mashini yako inasema hapana. Inasema haujaolewa."

Kumbe kila nilichoandika siku zile kilipigwa tarehe ya kale, na kile kilichopikwa mwezi uliotangulia, kuranti ilipokuwa nzuri, kilionekana kipya kuliko kazi yangu ya leo. Mashini ilitazama, ikaniambia hakuna kazi. Haikudanganya. Ilidanganywa.

Wakati tunacheka, sauti ikapita juu ya ua wa matete: Mama Neema, jirani yangu, alikuwa anamwambia mteja, "Leo ni tarehe tisa, mwezi unajaa kesho kutwa, ukikosa leo utakula sombe kavu." Mama Neema anauza ndagala, dagaa wa ziwa letu, wanaotiwa katika sombe, majani ya mihogo. Wavuvi wetu wanavuta ndagala kwa taa, na mwezi ukijaa ndagala hawaifuati taa tena, mitumbwi inalala ufukweni siku kadhaa. Kwa hiyo anahesabu miezi miwili kwa pamoja, ule wa juu ambao ndagala wanausikiliza, na ule wa kalenda ambao wateja wake wa ofisi wanausikiliza. Hajawahi kukosea hata siku moja. Papa Mukiza alisikiliza, kisha akaandika mstari juu kabisa ya faili la kujengea, kabla ya pishi lolote:

Leo ni tarehe gani? Muulize Mama Neema.

Usipoandika tarehe, hakuna kinachojengwa. Ukiandika tarehe isiyolingana na ya mashini, pishi linasimama na kukuambia utengeneze saa kwanza. Mutaniambia siku hizi kuna simu. Ndiyo, simu inajua tarehe. Lakini ya kwangu wakati ule ilikuwa ya vifungo, ikizimika inasahau hata jina lake, na mashini yangu haikuwa na konesiyo ya mtandao ya kwenda kuuliza ng'ambo. Mama Neema hazimiki.

Miaka yote ile, kila siku ya kujenga, nilisimama mlangoni.

"Mama Neema, leo ni tarehe ngapi?"

"Weye iko na ordinateri, unaniuliza minye wa ndagala?"

"Niambie tu."

"Kumi na mbili. Na funga ile mbuzi yako, amekula mufuko yangu ya plastiki."

Ikawa kama salamu. Siku nisipojenga aliuliza yeye, "Mama Ordinateri, leo hautaki tarehe?" Naandika haya na hasira inapanda tena, nisubirini.

Mukaja ninyi. Simaanishi ninyi wa leo, namaanisha waliowatangulia, Espoir na wenzake. Espoir ni kijana wa Bukavu, kichwa chepesi, adabu nzuri, ananiita Mama hata katika maandishi. Alisoma faili langu la kujengea lote, kitu ambacho hakuna aliyefanya tangu Papa Mukiza alipofariki, kisha akanipigia.

"Mama, usikasirike. Hii faili iko kama nyumba ilijengwa na mafundi kumi hawasalimiane."

"Mafundi kumi wote ni minye," nikamwambia.

Sitasema alikosea. Faili lile lilikuwa limeota vibanda. Kila mashini ya kituo cha afya iliyokuja na ugonjwa wake niliishonea kiraka, na viraka vikashonewa viraka. Kama ningeshikwa na malaria wiki mbili, Kipimo kingelala kitandani pamoja nami. Wakataka kuhamia mfumo mpya wa kujengea, ambao mtu mwingine anaweza kuusoma bila kuja kuniuliza nilikuwa nawaza nini. Nikakubali. Nilikubali hata kwa furaha, na nilijifunza mfumo ule mpya nikiwa na miwani miwili, mmoja juu ya mwingine.

Na kazi ya kuhama tuliifanya vizuri, isipokuwa pale nilipoiharibu. Chukueni hii, ni ya bure. Usiondoe chungu cha zamani motoni kabla kipya hakijachemka. Tulijenga kwa mifumo yote miwili, maandishi yale yale, siku ile ile, tukalinganisha kilichotoka herufi kwa herufi, miezi miwili mizima. Hivyo ndivyo tulivyogundua kwamba mfumo mpya ulisahau kipande cha printa za zamani, zile zinazolia kama kuku anayefukuzwa. Anzeni na mashini mbovu kuliko zote. Kila mtu anaanza na nzuri, inakubali, anashangilia, halafu anawaandikia wenye mbovu kwamba wanunue nyingine. Mwenye mbovu ni nani? Ni kituo cha afya cha bonde chenye sahani moja ya umeme wa jua juu ya bati. Kama haijengi kwa ajili yake, unajenga kwa ajili ya nani, kwa ajili ya picha?

Tena mfumo ule mpya, mara ya kwanza nilipouwasha, ulianza kuita vitu kutoka mtandaoni. Mega zangu za mtandao ziliisha haujamaliza kusalimia. Nikampigia Espoir nikamwambia, "Huyu mupishi wako anakwenda soko kila akitaka chumvi." Alicheka, lakini alikaa siku nzima akaufundisha kupika na vitu vilivyo nyumbani, vyote ndani ya fleshi moja. Kwa hilo nilimpenda na bado nampenda. Hasira na mapenzi vinakaa nyumba moja, muulizeni mtu yeyote aliyezaa.

Ikaja siku ya kupitia faili la zamani mstari kwa mstari, kuamua kipi kinahama na kipi kinabaki. Tulikuwa sita kwenye simu, wawili wako ng'ambo. Mimi nilikaa uani, kwenye kiti cha plastiki karibu na ua wa matete, maana ndipo mtandao unaposhika. Upande wa pili Mama Neema alikuwa anageuza ndagala juani. Espoir akasoma mstari wa kwanza kwa sauti.

"Mama, huyu Mama Neema ni nani? Ni seva?"

Mmoja wa ng'ambo akauliza, kwa Kifaransa safi sana, kama kuna toleo jipya zaidi la Mama Neema. Wakacheka. Mwingine akauliza kama anafanya kazi hata siku ya Jumapili. Wakacheka tena. Na mimi, mwanamke mzima, niliyekula ndagala za mama yule kwa miaka bila kujua bei yake halisi, maana kila mara aliongeza kiganja, nilicheka kuliko wote.

"Ah, hapana kitu," nikasema. "Ni muchezo ya zamani. Nitaifuta."

Nikaifuta papo hapo, wakisikia vidole vyangu.

Tangu siku ile sikusimama tena mlangoni asubuhi kuuliza tarehe. Mfumo mpya haukuuliza, basi na mimi sikuuliza. Niliona Mama Neema hanitanii tena juu ya ordinateri. Nikadhani ana shughuli.

Sasa lile jambo lenyewe. Muuguzi mkuu wa Kiringye anaitwa Jeanine, huku wote wanamwita Muganga Jeanine. Alinipigia kuniambia kwamba siro ya homa, ile dawa ya maji, iliyoletwa safari hii ni kali mara mbili ya ile ya kwanza. Chupa ile ile, rangi ile ile, ila ndani nguvu ni mara mbili, kwa hiyo mililita zipunguzwe nusu. Akanisomea kilichoandikwa kwenye chupa, akanisomea tena, nikaandika. Ndiyo kazi tuliyoanzia. Nikarekebisha jedwali. Kuranti ilikuwa imekatika asubuhi ikarudi, hilo munalijua linakwenda wapi. Nikautuma mfumo mpya ujenge. Ukatazama saa, ukaniambia kwa rangi ya kijani hakuna kazi ya kufanya, na mimi macho yangu yakasoma kijani, hayakusoma maneno. Pakiti ya programu ikapewa namba mpya kwa jina tu. Tumboni ilikuwa na jedwali la zamani.

Na marekebisho yangu niliyatuma pia yapitiwe, kama kanuni yetu inavyotaka, macho ya watu wawili zaidi kabla ya kukubaliwa. Yaliingia katika orodha yakiwa na tarehe ya mashini yangu: tarehe mosi Januari, mwaka ambao Kipimo kilikuwa hakijazaliwa na Espoir alikuwa shule ya msingi, anakojoa kitandani. Iko mpaka leo, nendeni mukaitazame. Chini yake watu wawili wameweka kidole gumba, na mmoja ameandika "vizuri sana." Muliweza kuuliza Mama Neema ni nani. Tarehe hamukuuliza. Munasoma jina la mtu munacheka, munasoma mwaka wa kale munapita. Ndiyo hasira yangu, na hapo siwatofautishi ninyi na mimi.

Nikafunga fleshi kwenye mfuko, nikampa motari, dereva wa pikipiki, aliyezoea njia ya bonde. Kesho yake kabla ya saa sita simu ikalia.

"Mama Riziki, programu ulituma iko mupya ao ya zamani?"

"Mupya."

"Minye, karatasi ya kwanza ninahesabuaka na kalamu. Nimehesabu. Inasema mara mbili. Juu ya ile siro kali, inasema mara mbili."

Nikavuta kiti mbele ya mashini.

"Na mbele ya kuhesabu, musaidizi wangu alishamupa mutoto moja. Mama yake amerudi ku shamba. Uko?"

"Niko."

"Sasa usikae. Nimezima mashini, tunatumia kitabu. Weye tengeneza."

Nikatazama kile kipembe cha chini cha kioo. Januari. Papa Mukiza angekuwa hai angeniuliza kama nimeolewa.

Nilifuta vyote vilivyopikwa, nikaweka tarehe, nikajenga toka mwanzo, na safari hii nilifungua jedwali ndani ya kile kilichotoka nikalisoma kwa macho yangu. Kisha nikafanya kitu ambacho familia yangu inakisimulia mpaka leo kwenye sherehe. Nilivaa viatu, nikatoka, nikapanda moto, pikipiki ya abiria. Mimi, kwa miguu yangu. Sikuwa nimepita Sange tangu harusi ya dada yangu. Motari aliniuliza mama unakwenda kilio? Nikamwambia sijui bado.

Kuanzia Kiliba nilihesabu mashimo, nikaacha. Vumbi lilinijaa mpaka kwenye meno. Na njia nzima nilimwona mtoto nisiyemjua, simjui uso wake, najua kilo zake tu, nane na nusu, Jeanine alikuwa amenitajia. Munielewe: miaka yote ile mtoto kwangu alikuwa namba ya kuingiza kwenye kisanduku. Siku ile namba ilikuwa na mama aliyerudi shambani.

Walikuwa wamempata mama huyo, analima mihogo karibu na barabara, mtoto mgongoni. Nilipofika walikuwa kwenye benchi la kituo, Jeanine anampima kila mara, anaandika. Mtoto alikuwa macho. Jeanine alipokea fleshi bila kunisalimu, na alikuwa na haki. Mama yule alinitazama vumbi langu lote.

"Ni weye wa ile mashini?"

"Ni minye."

Nilingoja matusi. Nilikuwa nimeyatayarishia mahali. Akasogea kwenye benchi, akanipa mtoto.

"Mushike basi. Mikono yangu imechoka."

Nikamshika. Nilimshika mpaka jua lilipoelekea milima. Alilala, akaamka, akanivuta hereni, akanikojolea kitenge chote. Jeanine akapita, akatazama kitenge.

"Anakojoa. Ni muzuri," akasema, na ndiyo mara ya kwanza alinifungulia uso. Jioni akamruhusu. Mtoto alikuwa mzima. Mama akamfunga mgongoni, akaniambia nitie nguo maji kabla haijanuka, akaenda zake. Hakuuliza jina langu.

Nataka mukae hapo na mimi kidogo, kwenye lile benchi, kabla hamujaniambia kwamba mambo yaliisha vizuri. Hayakuisha vizuri kwa sababu ya mfumo wa zamani wala mpya. Yaliisha vizuri kwa sababu kuna mwanamke mmoja na kalamu ambaye hakubali karatasi ya kwanza. Siku mutakapotaka kumwondolea Jeanine kalamu kwa sababu Kipimo kimekuwa kizuri sana, kumbukeni kitenge changu.

Nilipompigia Espoir nilimwambia yote kwa sauti ambayo siirudii hapa, kuna wachanga watakaosoma.

"Mama, samahani. Sikuona tarehe."

"Haukuona kwa sababu haukuangalia. Na minye ni vile vile."

Akasema ataandika ukaguzi: mfumo mpya utalinganisha saa ya mashini na tarehe ya maandishi ya mwisho yaliyokubaliwa, na saa ikiwa nyuma, pishi linasimama. Nikamwambia ni akili nzuri, aweke. Ameweka, unafanya kazi, muuache hapo. Lakini nikamwambia na ule mstari urudi, juu kabisa. Mashini haiwezi kuwa shahidi wa saa yake yenyewe. Lazima mtu aulize mtu.

"Na jina lake?"

"Na jina lake."

"Lakini Mama, wale wa mbali, hawana Mama Neema."

"Watafute wa kwao. Hakuna mahali watu wanaishi bila jirani anayejua siku."

Ndiyo maana ninyi wapya, siku yenu ya kwanza, kioo kitawauliza leo ni tarehe gani na kuwaambia mumuulize mwanamke musiyemjua. Najua mutacheka. Chekeni. Lakini mkono usiende kwenye kitufe cha kufuta, na mtu akikuuliza katika simu huyu ni nani, ukiwa umezungukwa na watu wa maneno safi, mjibu. Sema ni jirani, anauza ndagala, anajua tarehe kuliko mashini zetu zote. Sekunde mbili tu. Mimi zilinishinda.

Siku yangu ya mwisho kazini nilitaka kujenga mara moja zaidi, niwaachie kila kitu kikiwa cha moto. Nilikuwa sijampa Mama Neema habari ya Kiringye, nilijificha ndani, na kujificha ndani ni kazi ninayoiweza. Asubuhi ile sikuita kutoka mlangoni. Nilizunguka mpaka upande wake wa ua, nikachuchumaa kando ya turubai la ndagala, nikamsimulia yote tangu mwanzo: vijana, mfumo mpya, ule mstari, siro, mtoto, kitenge. Nikaishia kwa malalamiko yangu, kwamba vijana wale na watu wao wa ng'ambo walinitia haya juu ya mashini yangu mbovu, ndiyo maana nikafuta. Alikuwa anatoa vijiti katika ndagala, kimoja kimoja, hakuinua kichwa. Aliponijibu, alijibu hivi:

"Haikukuwa haya ya mashini. Nilikuwa hapa, nilisikia. Ulikuwa unanionea haya minye. Leo ni tarehe kumi na saba, kwenda uandike."